Jinsi ya Kumjenga Mbwa Mwoga: Michezo na Mazoezi ya Kumpa Ujasiri na Werevu

Katika mitaa mingi ya Nairobi, kuanzia Buruburu na Kasarani hadi Lang'ata, mbwa hufugwa kwanza kwa ajili ya ulinzi, na mtindo uliozoeleka ni kumfungia bandani mchana kutwa na kumfungulia usiku lango likishafungwa. Mwenyewe hufurahi anapomsikia akimbwekea kila mpita njia, akidhani kwamba huo ndio ukali unaotakiwa. Mara nyingi huo si ukali bali ni woga. Mbwa asiyejiamini humbwekea mzoa taka, mtoto anayetoka shuleni na hata gunia linalopeperushwa na upepo, mpaka inafika mahali watu wa nyumba hiyo hawaamki tena wakisikia sauti yake usiku. Mbwa anayejiamini hutazama kwanza, akapima, kisha akabweka pale penye sababu. Mwongozo huu unaeleza namna ya kumjenga mbwa wa aina hiyo kwa michezo ya gharama ndogo, uwe unaishi kwenye nyumba yenye uwanja au kwenye fleti ya ghorofa ya nne.

Ni vyema kuelewa kwanza ujasiri unatoka wapi, kwa sababu kila zoezi lililomo humu linategemea jambo hilo. Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier, watafiti wa saikolojia nchini Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo leo lingepingwa vikali kwa ukatili wake. Walichukua mbwa waliokuwa wamepigwa mishtuko ya umeme wasiyoweza kuizuia kwa namna yoyote, wakawahamishia mahali ambapo wangeweza kujiokoa kwa kuruka kizuizi kifupi tu. Wengi wao walilala chini wakalialia bila kujaribu. Wenzao waliopata mishtuko ileile, lakini wakawa na kibao cha kusukuma kwa kichwa ili kuikatiza, waliruka upesi. Mwaka 2016 watafiti haohao waliirudia hoja yao na kuigeuza: kulegea mbele ya mateso ya muda mrefu ndiyo hali ya asili ya ubongo, na kinachojifunzwa ni ule utambuzi kwamba kitendo chako kinaweza kubadili mambo.

Upande wa furaha nao umechunguzwa. Mwaka 2014 watafiti nchini Sweden walilinganisha mbwa wa aina ya beagle waliopewa tuzo baada ya kufanikiwa kukiendesha kifaa fulani na wenzao waliopewa tuzo hiyohiyo bila kujali walichokifanya. Kundi la kwanza lilitikisa mikia zaidi na kukimbilia mahali pa jaribio, ilhali la pili lilianza kusitasita kuingia, ingawa chakula kilikuwa kilekile. Kwa hiyo kazi yako si kumbembeleza mbwa wala kumsukuma kwa nguvu aliendee jambo analoliogopa. Kazi yako ni kumtayarishia matatizo madogo anayoweza kuyashinda mwenyewe, kisha kuizuia mikono yako isimsaidie mapema mno. Hilo la mwisho ndilo linalowashinda watu wengi.

Maandalizi

Tuzo za mafunzo hazina haja ya kununuliwa kwenye maduka ya bidhaa za wanyama. Omena kavu, zinazopimwa kwa glasi au gorogoro katika kila soko la mtaani, zinafaa sana kwa kuwa ni ndogo, zina harufu kali na hazichafui mfuko. Zisuuze kwa maji ya moto ili mchanga utoke, kisha zikaushe tena juani au kwenye kikaango kikavu, bila chumvi, mafuta wala kitunguu. Ini la ng'ombe lililochemshwa na kukatwa vipande vya ukubwa wa punje ya maharagwe lina mvuto mkubwa zaidi, hivyo litunze kwa ajili ya kazi ngumu, nalo lisizidi kwani humharisha mbwa. Kumbuka pia kwamba vitunguu, chokoleti, zabibu na ubani wa kutafuna usio na sukari wenye zailitoli (kiungo cha kutia utamu) ni sumu kwa mbwa, kwamba mifupa iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha kali, na kwamba gunzi la mahindi choma lililoachwa kando ya njia huweza kuziba utumbo hadi daktari wa mifugo alazimike kumpasua.

Mbwa wengi wa hapa hula ugali na matumbo mara moja jioni. Tenga sehemu ya mlo huo, uusonge ugali uwe mgumu, uukate vipande vidogo, na uutumie katika michezo kabla ya kumpa kilichobaki. Mbwa awe na hamu ya kula, lakini asiwe ameshindishwa na njaa, kwa kuwa mwenye njaa kali hupapatika badala ya kufikiri.

Chagua neno moja fupi la kumwambia mbwa kwamba alichofanya sekunde hiyo ndicho ulichokitaka, "Safi!" linatosha. Litamke mara kumi hadi kumi na tano, kila mara ukifuatisha tuzo, mpaka utakapoona akigeuza kichwa kukutafuta kila anapolisikia. Familia nyingi za Nairobi huwafundisha mbwa amri kwa Kiingereza, nyingine kwa Kiswahili au Kikikuyu, na mbwa hajali hata kidogo. Kinachomchanganya ni baba kutumia neno moja, watoto jingine, na askari wa lango neno la tatu.

Hatimaye, jifunze kuusoma mwili wake. Mkia uliobanwa tumboni na masikio yaliyolazwa nyuma ni dalili ambazo kila mtu huziona. Zinazopita bila kutambuliwa ni kupiga miayo bila usingizi, kulambalamba pua, kugeuza kichwa pembeni huku weupe wa jicho ukionekana, na kuganda ghafla. Kipimo rahisi kuliko vyote ni chakula: mbwa anayelipenda ini akilikataa, basi hofu imempita kimo, na hakuna atakalojifunza kwa wakati huo. Ondoka naye, au kiondoe kinachomtisha.

Anza na pua

Pua ya mbwa ina zaidi ya vipokezi milioni 200 vya harufu, ilhali ya binadamu inakadiriwa kuwa na milioni 5 au 6. Mbwa anapotafuta kitu kwa kunusa huwa anafanya kazi anayoiweza kuliko wewe, na hapo hakuna namna utakavyomwelekeza hata ukitaka. Mwaka 2019 Charlotte Duranton na Alexandra Horowitz walichapisha utafiti ambamo mbwa waliofanya mazoezi ya kunusa kwa wiki mbili waliliendea kwa matumaini zaidi bakuli ambalo hawakujua kama lina chakula au ni tupu, tofauti na mbwa waliotumia muda huohuo kufundishwa kutembea kando ya mguu wa mwenyewe. Kwa sababu hiyo, iwapo nafasi yako inaruhusu mchezo mmoja tu kwa siku, uwe huu.

Mwenye uwanja amwage omena chache nyasini, kwanza mbwa akiona, baadaye akiwa ndani ya nyumba. Anayeishi kwenye fleti atandike taulo zito la mitumba na kuzificha omena katika mikunjo yake. Mbwa akishaielewa kazi, panga katoni tatu zilizo wazi, moja ikiwa na chakula, na umwache azipitie kwa utaratibu wake mwenyewe. Siku zinazofuata ongeza idadi ya katoni, zibadilishie mahali, kisha uziache kabisa na uanze kuficha chakula nyuma ya mguu wa meza, chini ya ukingo wa mkeka, na mwishowe mahali palipoinuka, kama vile juu ya kiti kifupi, ambako atalazimika kuifuata harufu kwenda juu. Usionyeshe kwa kidole. Akipita karibu na chakula bila kukigundua, nyamaza. Mara nyingi atafika mbele, atasita, na atageuka mwenyewe, na mgeuko huo mdogo ndio unaoutafuta. Kila kitu kikishapatikana sema "Basi", uondoe vyombo vyote, ili ajue kwamba mchezo una mwisho na asiendelee kuzunguka nyumba akihangaika.

Mafumbo ya vifaa vya nyumbani

Trei ya mayai ya karatasi ni chombo bora cha kuanzia, na hupatikana bure kwa mwenye duka la mtaani. Weka chakula katika baadhi ya vishimo na umpe ikiwa wazi. Baada ya siku chache funika vishimo hivyo kwa karatasi zilizofinyangwa, kisha funika trei nzima kwa trei nyingine. Atakwangua kwa kucha, atasukuma kwa pua, huenda akaichana. Kuchana kunaruhusiwa maadamu hamezi karatasi. Taulo lililoviringishwa likiwa na chakula ndani hufundisha kusukuma na kufungua, na ugumu wake huongezwa kwa kulifunga fundo moja lililolegea. Chupa ya maji ya plastiki, iliyotolewa kifuniko, ule mkanda mwembamba unaobaki shingoni, na lebo yake, hufundisha kuvingirisha: tia vipande vya ugali mkavu na umwache agundue kwamba vinatoka chupa inapogeuka. Plastiki ikianza kutafunwa na kuwa na ncha kali, itupe. Michezo hii yote ifanywe ukiwepo.

Swali gumu ni lini umsaidie. Mwaka 2003 Ádám Miklósi na wenzake nchini Hungary waliwapa mbwa na mbwamwitu waliolelewa na watu kazi ya kujipatia nyama, kisha wakaifanya isiwezekane. Mbwamwitu waliendelea kupambana na kifaa, huku mbwa wakigeuka mapema zaidi kumtazama binadamu. Mbwa wako atafanya vivyo hivyo, na si ujinga. Anakuomba msaada kwa njia ambayo vizazi vyake vimeishi nayo. Akikutazama, tabasamu, hesabu kimoyomoyo hadi kumi, na utazame kile chombo badala ya kumtazama yeye. Wengi hurudi kazini. Asiporudi, au akianza kulialia, punguza ugumu bila kumtatulia: legeza mkunjo wa taulo, au inua ukingo wa trei ya juu kidogo halafu uondoe mkono. Ukimfungulia fumbo zima atajifunza kwamba njia ya mkato ni kuketi na kukukodolea macho, na atakuwa sahihi.

Penye mbwa wawili, kila mmoja acheze peke yake mlango ukiwa umefungwa. Fumbo la chakula linalowaniwa huzaa ugomvi, na mbwa mwoga ndiye hupoteza kila mara.

Katoni isiyo na kanuni

Mchezo huu ndio ninaoupenda kuliko yote kwa mbwa aliyekemewa sana, yule anayekaa akisubiri kuamriwa na asiyethubutu kujaribu jambo. Weka katoni tupu katikati ya chumba, keti karibu na tuzo zako, na usiseme neno. Akiitazama, "Safi!" na tuzo. Akisogea hatua moja, vivyo hivyo. Akiigusa kwa pua, akiingiza mguu, akiisukuma, akiingia na kuketi ndani yake, kila kitu kipya kinalipwa. Hakuna jibu la makosa. Siku ya kwanza huenda mbwa akalala tu na kukuangalia, na katika hali hiyo lipa hata kugeuza jicho kuelekea katoni, umalize upesi. Mbwa aliyezoea kuadhibiwa huchukua muda kuamini kwamba kujaribu hakuna hatari, na hapo subira yako ndiyo kazi yenyewe.

Akishachangamka, acha kulipa jambo alilolifanya jana ili abuni jingine. Muda wa dakika tano unatosha, kwani kubuni kunachosha akili.

Miguu na sakafu

Mbwa anayeogopa kukanyaga mahali pageni hana imani na mwili wake. Tandika ubao mpana chini kabisa, mwagia omena kando yake, halafu juu yake, na umwache apande apendavyo. Ubao huo ukishakuwa jambo la kawaida, uinue kwa tofali moja kila upande, ukihakikisha hautikisiki. Tairi kuukuu lililolazwa chini ni zuri kwa kuweka miguu ya mbele ndani na nje. Gunia, kipande cha bati kisicho na kingo kali, mkeka wa plastiki na kokoto vikipangwa mfululizo huwa njia ya mafunzo iliyokamilika, na mafundi wa jua kali wa Kamukunji au popote jirani hukuuzia mabaki ya vitu hivyo kwa bei ndogo. Kamwe usimvute kwa kamba wala usimbebe na kumweka juu. Akipanda miguu miwili na kushuka, amefanya kazi ya kutosha, na kule kushuka kwa hiari ni sehemu ya ujasiri wake. Watoto wa mbwa ambao mifupa yao haijakomaa, pamoja na mbwa wazee, wasirushwe wala kurukishwa vitu virefu.

Kelele za jiji

Nairobi ni jiji la honi za matatu, pikipiki za bodaboda, ngurumo za msimu wa mvua na fataki za Diwali na mkesha wa mwaka mpya. Anza ndani ya nyumba kwa kelele anazozisababisha mwenyewe: jaza katoni chupa tupu za plastiki, nyunyiza chakula humo, na umwache achimbe. Kelele anayoitoa yeye na inayomletea chakula haimtishi kama ile inayomwangukia kutoka popote. Baadaye gonga sufuria kwa kijiko, taratibu sana, ukiwa chumba kingine, na umpe ini mara tu baada ya sauti. Mpangilio huo usibadilike: sauti hutangulia, chakula hufuata. Ukitanguliza chakula, ini lenyewe litakuwa ishara ya kwamba balaa linakuja. Sauti za fataki zilizorekodiwa kwenye simu hufundishwa hivyohivyo, zikianza kwa kiwango cha chini kiasi kwamba mbwa husogeza sikio tu, na kazi hiyo ianze miezi kadhaa kabla ya Desemba.

Kwa barabara, umbali ndio dawa. Usimpeleke kituo cha matatu ili "azoee". Simama mahali ambapo anazisikia na bado anakula, na usogee karibu kwa siku nyingi. Msitu wa Karura, ambako mbwa huruhusiwa akiwa amefungwa kamba, una njia zilizo tulivu asubuhi za siku za kazi, na humo mwache anuse kila shina analolitaka. Matembezi ambayo mbwa anachagua upande wa kunusa humjenga kuliko kilomita nyingi za kuburutwa.

Mbwa wa ulinzi na mbwa wachanga

Wapo watakaosema kwamba michezo hii itamfanya mlinzi wao awe laini. Sioni msingi wa hofu hiyo. Utafiti uliofanywa nchini Ureno na kuchapishwa mwaka 2020, uliohusisha mbwa 92, ulionyesha kwamba waliofunzwa kwa kuadhibiwa walikuwa na dalili nyingi zaidi za mfadhaiko, na wale walioadhibiwa zaidi ndio waliokuwa wazito kutarajia mema. Usimwadhibu mbwa kwa kunguruma pia, kwani kunguruma ni onyo. Ukilinyamazisha, siku moja atauma bila kuonya. Anayelazimika kumweka mbwa bandani mchana amtoe walau mara mbili, dakika kumi kila mara, kwa mchezo mmoja wa pua na mmoja wa fumbo, na amwachie bandani taulo lenye chakula baada ya kuhakikisha kwamba si mtafunaji wa vitambaa.

Kwa watoto wa mbwa, kipindi cha takriban wiki ya 3 hadi ya 14 ndicho ubongo hupokea mambo mageni kwa urahisi zaidi, lakini ndicho pia parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo, huua wengi. Kabla chanjo hazijakamilika, mbebe mikononi hadi langoni aone mikokoteni, miavuli, watu wenye kofia na watoto wanaokimbia, bila kumshusha mahali wanapopita mbwa wengine. Chanjo ya kichaa cha mbwa irudiwe kama daktari atakavyopanga. Aliyechukuliwa kutoka kituo cha uokoaji, kwa mfano cha KSPCA, chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama, kilichoko Karen, apewe kwanza siku kadhaa za utulivu, kona yake, na mlo wa saa zilezile, kabla ya kuletewa fumbo lolote.

Ukitaka kujua kama kazi inasonga mbele, usihesabu amri alizojifunza. Angalia muda unaopita kati ya kushtuka kwake, tuseme kifuniko cha sufuria kimeanguka jikoni, na kurejea kwake kwenye chakula. Andika kwenye daftari au kwenye simu. Muda huo ukifupika, ongeza ugumu wa mchezo mmoja, si yote kwa pamoja. Ukirefuka kwa wiki nzima, rudi hatua mbili nyuma, na iwapo mbwa aliyekuwa shupavu amekuwa mwoga ghafla au anakataa kupanda ubao alioupenda, mpeleke kwa daktari wa mifugo akaguliwe viungo, meno na masikio, kwa sababu mara nyingi kinachoonekana kuwa hofu ya namna hiyo ni maumivu.